Madebe Mawili ya Mahindi

Mwezi wa Agosti 2020, siku ya Jumamosi, binti wa marehemu mdogo wangu alifika nyumbani kwangu Yakobi akitokea Makambako. Alikuwa na kikapu kimoja na mtoto mgongoni. Tulisalimiana kikwetu, "Kamwene," akapewa kigoda na chai, akaulizia afya ya mama mkubwa wake, ng'ombe na viazi. Hakusema kilichomleta mpaka jioni, kwani kwetu mtu haingii na shida mdomoni. Watoto walipokwisha kulala ndipo akasema kwamba biashara yake ya chakula imekufa na kwamba anahitaji shilingi 120,000 za kuanzia tena.

Mimi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu niliyesomea chuo cha ualimu na kufundisha hesabu kwa zaidi ya miaka thelathini, sikumpa zile fedha. Asubuhi nilimpa madebe mawili ya mahindi, sado moja ya maharage, na nauli. Nilijiona nimetenda wema. Mwanangu yule akapiga goti, akashukuru, akaondoka.

Msomaji atanisamehe nikisema kwamba kurasa hizi nimeziandika kwa sababu ya mahindi yale. Yamenifanya nifikiri upya jambo ambalo nilidhani nalijua: maskini wa mjini, gonjwa likiisha kupita, anahitaji kitu gani? Sisi wazee wa Ubena tumeona magonjwa makubwa mawili kwa macho yetu, na la tatu tumelisikia kwa bibi zetu. Nitaanza na lile la kusikia.

Yakobi ni jina la kimisheni. Wamisionari wa Kijerumani wa Berlin ndio walioliweka walipofungua kituo hapa katika siku za mwanzo za utawala wao, na katika Vita vya Maji Maji, mwaka 1905, kituo hicho kilishambuliwa. Baada ya vita vile ikaja njaa. Watu walikuwa hawajasahau, ikaja vita nyingine, ile ya Wajerumani na Waingereza. Mwezi wa Oktoba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck, likiwa linakimbia kuelekea Rhodesia ya Kaskazini, lilipita Ubena, na likamwacha hapa Jenerali Wahle akiwa mgonjwa hajiwezi. Katika siku zizo hizo yale mafua makali yaliyoizunguka dunia yalikuwa yakisafiri na majeshi na wapagazi. Tanganyika nzima yaliua watu makumi elfu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mkubwa wakati huo. Alinisimulia mara nyingi, na kila mara alisimulia jambo lile lile. Hakusimulia sana habari za kufa. Alisimulia habari za ulezi. Mafua yaliingia wakati wa kulima. Watu wakalala ndani wiki nyingi hawana nguvu ya kushika jembe, na kwa kuwa hapakuwa na kingine, mama yake alisaga ulezi wa mbegu, wakaula. Walipopona walikuwa na shamba, walikuwa na jembe, mvua ilikuwa ikinyesha, lakini mbegu hawana. Jirani mmoja wa ukoo mwingine aliwaazima vikapu viwili vya mbegu, akasema, "Mtarudisha mkivuna, msipovuna mwaka huu, mtarudisha mwaka ujao." Bibi alikuwa akifika hapo ananyoosha vidole viwili, kana kwamba vikapu vile viko mbele yake.

Nilisikia hadithi hiyo tangu utotoni na sikuielewa hata nilipokuwa mtu mzima. Nilidhani ni hadithi ya ukarimu. Leo naona ilikuwa hadithi ya mtaji. Jirani yule hakuwaletea ugali, ingawa ugali walikuwa wakiuhitaji. Aliwaletea kitu ambacho gonjwa lilikuwa limekula, akawapa na muda wa kukirudisha. Wengine hawakupata jirani wa namna hiyo. Serikali ya Waingereza iliposhika nchi ilitaka kodi ya kibanda na ya kichwa kwa fedha taslimu, na kijana wa Kibena asiye na mbegu wala ng'ombe alikuwa na njia moja tu ya kuipata: kujiandikisha manamba, kupanda gari au kutembea kwa miguu hadi mashamba ya mkonge ya Tanga. Wengi hawakurudi. Wajukuu wao wako huko mpaka leo, na Kibena wanakisikia kwa wageni tu.

Wasomaji wa historia ya Ulaya watakumbuka tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348, ambayo kwa muda wa miaka miwili hivi iliua labda theluthi ya watu, wengine husema nusu. Ilipokwisha, vibarua waliobaki wakajikuta wana thamani, kwa sababu mashamba, majembe, ng'ombe na nyumba vilibaki mahali pake, ila mikono ya kufanya kazi ilikuwa michache. Wakadai ujira mkubwa zaidi. Mabwana wakakasirika, na mwaka 1351 bunge lao likatunga sheria ya kuwalazimisha wapokee ujira ule ule wa kabla ya tauni. Sheria ile haikufaulu sana. Nilipokuwa nikiifundisha habari hii nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba gonjwa linaweza kumpandisha hadhi maskini. Sasa najua kwamba nilikuwa nawaambia nusu ya habari. Tauni iliua watu ikaacha zana. Yako magonjwa yanayoua watu na zana zao pamoja. Sisi Njombe tulipata moja la namna hiyo.

Kwa asiyefika kwetu, Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia huachana na ile ishukayo Njombe hadi Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa na Wachina kati ya 1970 na 1975, ina stesheni yake hapo hapo. Kabla ya reli palikuwa mahali padogo. Baada ya reli, na hasa barabara ya Songea ilipotiwa lami miaka ya 1980, pakawa mji wa mtu asiye na shamba la kutosha: mchuuzi, fundi, utingo, mpika chakula, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Malori ya Zambia, Kongo na Malawi yalilala hapo. Mji uliishi kwa malori, na kwa njia hiyo hiyo ya malori ukaanza kufa.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI katika nchi yetu walijulikana Kagera mwaka 1983. Huko wakauita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Sisi tukasema ni ugonjwa wa Wahaya. Haikupita miaka mitatu, kila mkoa wa bara ulikuwa na wagonjwa wake. Mwaka 2012 mkoa wa Njombe ulipoanzishwa, utafiti wa kitaifa uliofanyika 2011 na 2012 ulionyesha kwamba watu 14.8 katika kila mia wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana virusi, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa 5.1. Tulikuwa wa kwanza nchini, na utafiti wa 2022 na 2023 ukatukuta bado tuko mbele. Wataalamu hutaja sababu nyingi: barabara, vibarua wa mashamba ya chai na misitu wanaokaa mbali na wake zao, pombe, na desturi yetu ya zamani ya kutotahiri. Siongezi la kwangu.

Mdogo wangu alikuwa fundi cherehani. Alikwenda Makambako mwaka 1979, akakodi baraza karibu na soko, na kwa miaka kumi alipata cherehani tatu za miguu. Kila Januari alikuwa halali kwa sababu ya sare za shule. Mimi mwenyewe nilimpelekea wazazi. Alianza kuugua mwaka 1992. Cherehani ya kwanza iliuzwa akiwa hai, kwa ajili ya dawa na safari za hospitali, kwani ni katika miaka hiyo, kuanzia 1993, ndipo wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali. Alifariki Machi 1994. Zilibaki mbili.

Hapa nitasema polepole, maana mwenye kikao cha ukoo nilikuwa mimi. Tulikuwa na deni la gari lililoleta maiti kutoka Makambako, deni la mbao za jeneza, na waombolezaji waliokuwa wamekula siku nne. Wazee walisema cherehani ziuzwe. Shemeji yangu, mjane, aliyekuwa akikaa na wanawake wenzake nje, aliingia, akapiga magoti, akaomba aachiwe moja. Alisema anajua kukunja pindo na kutia vifungo, na mengine atajifunza. Mzee mmoja akajibu kwamba mjane akiolewa ataondoka nayo, na mali ya ukoo itakuwa imepotea. Wote wakanitazama mimi, mwalimu. Nikasema, "Shemeji, tumalize matanga kwanza, tutazungumza." Cherehani zote mbili zikanunuliwa na mtu mmoja wa Njombe siku ya tatu baadaye, deni likalipwa, na hapakuwa na la kuzungumza tena.

Hakuna aliyevunja desturi siku ile. Hilo ndilo linalonisumbua. Tulifanya kila kitu kama inavyopasa, na tulipomaliza, mama mwenye watoto wawili alikuwa mjini Makambako bila chombo cha kumwingizia hata shilingi. Tulimpa gunia la mahindi.

Na hatukuwa peke yetu. Katika miaka ile ya tisini mwenye macho aliweza kuhesabu mabaraza ya mafundi yaliyofungwa mji mzima. Seremala akifa, randa na misumeno vinaondoka na kaka zake. Mwenye banda la sabuni na chumvi akiugua, bidhaa zinapungua rafuni kila wiki mpaka zinabaki mbao tupu, halafu mbao nazo zinachomwa kuni. Kwa yule tauni wa Uingereza, mtu alikufa siku tano akaacha ng'ombe zake. UKIMWI ulikaa na mtu miaka miwili au mitatu kitandani, ukala kwanza akiba, kisha bidhaa, kisha zana, na ukimwacha kaburini ukala kilichobaki kwa jina la mazishi. Waliosalia hawakupanda thamani kama wale vibarua wa Kiingereza. Waliosalia walikuwa bibi na watoto.

Ada za shule nazo zilikuwapo mpaka zilipofutwa katika shule za msingi mwaka 2001, na mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Niliwarudisha nyumbani watoto wasiolipa. Nilikuwa na waraka, na nilikuwa na paa linalovuja, na niliwarudisha. Baadhi yao walikuwa wakienda nyumba ambazo baba alikuwa amekufa mwezi uliopita. Nilijua.

Shemeji alipika ugali kando ya maegesho ya malori, akafariki mwaka 1998. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Sihesabu miaka hiyo mara nyingi, lakini inajihesabu yenyewe. Binti yake mdogo, aliyekuwa na miaka mitano baba alipofariki, nilimlea mimi. Alimaliza darasa la saba mwaka 2003. Nilikuwa na watoto wangu watano na yatima wengine wawili; sekondari sikuweza. Akaenda Makambako kufanya kazi za ndani, baadaye akawa mama lishe. Mahali alipofungua kibanda chake hapakuwa mbali na pale alipopika mama yake.

Huyo ndiye aliyenijia Agosti 2020.

Ugonjwa wa korona ulitangazwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa Arusha tarehe 16 Machi. Shule zilifungwa siku iliyofuata, zikafunguliwa zote mwishoni mwa Juni. Takwimu za wagonjwa zilikoma mwanzoni mwa Mei, zikiwa 509 na vifo 21. Hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Rwanda na Uganda, na Rais Magufuli alisema wazi kwamba watu wakifungiwa watakufa njaa. Masoko yaliendelea, mabasi yaliendelea. Nasikia wasomi wakibishana kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Mimi si mganga. Nitasema tu kwamba mji unaweza kufungwa bila mtu kuufunga.

Alivyonieleza yeye ni hivi. Mwezi wa Machi alikuwa na wateja thelathini hadi arobaini kwa siku, wengi wao madereva na utingo. Aprili wakapungua. Madereva wakaogopa kula nje. Wakanunua majiko madogo, wakawa wanapika wenyewe kando ya magari. Tarehe 11 Mei Zambia ilifunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku chache, kwa sababu wagonjwa wengi walionekana pale, na hata ulipofunguliwa kwa mizigo foleni ya kupimwa Tunduma ilikuwa ya siku nyingi. Lori lililozoea kupita Makambako mara mbili kwa mwezi likapita mara moja, au lisipite. Wateja wakawa kumi, kisha sita. Lakini sufuria ya wateja sita inahitaji moto ule ule wa wateja thelathini, na pango la kibanda halipungui.

Kikundi chao cha kuweka na kukopa, vile tunavyoviita vikoba, kilivunja sanduku mwezi wa Aprili. (Mfano wa vikundi hivi umetoka Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991 kwa wanawake wa vijijini, umetembea njia ndefu mpaka kufika kwetu.) Kila mwanachama alitaka fungu lake kwa wakati mmoja, na sanduku likiisha kugawanywa halikopeshi mtu tena. Fungu lake alilila kwa wiki tano. Baya zaidi, mwezi wa Februari alikuwa amekopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji mmoja wa mjini, arudishe 390,000 kwa marejesho kumi na mawili ya kila wiki. Watu wameipa mikopo hiyo jina la kausha damu, na aliyebuni jina hilo alikuwa amekopa. Marejesho saba alilipa. La nane hakuweza. Wiki ya kumi walikuja vijana wawili na daftari, wakachukua sufuria kubwa tatu, majiko mawili ya mkaa, meza na viti vya plastiki. Yeye hakuugua hata siku moja. Hakuna aliyeugua nyumbani kwake. Korona ilimkuta mzima, ikamwacha mzima, ikaondoka na sufuria.

Basi nilipompa mahindi nilikuwa najibu swali la mwaka 1994 kwa jibu la mwaka 1994, na wakati ule pia lilikuwa jibu la kosa.

Siku ya pili yake mwalimu mwenzangu wa zamani akanipigia simu. Amemwona binti yangu stendi ya Njombe akiuza mahindi kwa bei ya hasara. Nilikasirika sana. Nilimpigia palepale. Akapokea, "Shikamoo baba mkubwa," na kabla sijaitikia vizuri nikaanza kumsema. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Ni kweli nimeuza, baba. Nimepata elfu kumi na sita. Nimenunua unga wa ngano kilo nne, mafuta lita moja, sukari na hamira. Kesho nakaanga maandazi. Mahindi tungekula wiki tatu, halafu ningerudi kwako tena, na nauli ungenipa tena."

Sikuwa na la kujibu. Nilikata simu, nikakaa uani. Mke wangu akaniuliza nani amekufa.

Nilianza kuuliza watu baada ya hapo, kama mwalimu anayesahihisha mtihani aliojitungia mwenyewe. Niliuliza waendesha bodaboda, wauza mitumba, wasusi, wachoma mahindi, wanawake wa sokoni Njombe. Niliwauliza: korona ilikuchukulia nini? Karibu wote walijibu kwa kutaja kitu, si kwa kutaja njaa. Bodaboda iliyorudishwa kwa mwenyewe. Belo la mitumba lililoliwa nusu. Mashine ya kukaushia nywele iliyowekwa rehani. Njaa walikuwa nayo, lakini waliitaja mwisho, kama mvua. Na wa pili waliomtaja baada ya kile kitu alikuwa mkopeshaji.

Siwezi kusema serikali haikufanya kitu. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitukopesha shilingi trilioni 1.3, chini ya Rais Samia, na fedha hizo zikajenga madarasa 15,000 nchi nzima, hospitali zikapata vifaa. Kama mwalimu nilifurahi. Nimeingia katika darasa moja jipya na nikagusa ubao. Lakini fedha zile zilipokuwa zikijenga, Oktoba mwaka huohuo, wamachinga wa mijini walikuwa wakiondolewa barabarani na kupelekwa maeneo yaliyopangwa, na mengine yalikuwa mbali na miguu ya wateja. Wengi wao walikuwa wamenunua vile vitambulisho vya shilingi 20,000 vilivyoanza kutolewa mwisho wa 2018, wakiamini kwamba vitambulisho vinawaruhusu kukaa. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba kwa sababu ya kelele za watu, lakini nilipoisikia mara ya kwanza nilimkumbuka bibi na kodi ya kibanda. Gonjwa likiisha, mtoza kodi huwa wa kwanza kupona.

Jambo lililokaribia zaidi vikapu vya bibi ni ile mikopo isiyo na riba ambayo halmashauri hutoa kwa sheria ya mwaka 2018: asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Ni wazo zuri kabisa. Ila mkopo ni wa kikundi, kikundi kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba na akaunti ya benki. Na mtu ambaye kikundi chake kimevunja sanduku Aprili hana kikundi Agosti. Halafu Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa kwa sababu ya fedha zilizopotea kwa vikundi hewa, ikarudi mwaka 2024. Mwenye sufuria zilizochukuliwa hasubiri mwaka mmoja. Wenzetu wa Kenya walijaribu njia nyingine mwaka 2020: mpango wao wa Kazi Mtaani uliwalipa vijana wa mitaa ya maskini kwa kusafisha mitaro na barabara. Ule ulikuwa ujira, na ujira ni bora kuliko unga wa msaada. Lakini kijana akiwa na ujira wa leo bado hana cha kufanyia kazi kesho mpango ukiisha, nao uliisha.

Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2020 watu wapatao milioni 70 waliongezeka katika hesabu ya maskini wa kutupwa duniani. Nimejaribu kuifikiria namba hiyo na nimeshindwa. Sufuria tatu naweza kuzifikiria.

Mke wangu ndiye aliyemaliza ubishi wangu. Oktoba 2020 aliuza viazi vya shamba lake, si langu, akaweka shilingi 80,000 mezani, akasema mimi niongeze iliyobaki kutoka kwenye pensheni. Niliongeza 70,000. Tulimpelekea wenyewe Makambako. Nilikuwa nimeandika karatasi ya makubaliano, kwa tabia yangu, yenye tarehe ya kila rejesho. Mke wangu aliisoma ndani ya basi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba wake na sijaiona tena. Tulipofika alimwambia binti, "Mama, utarudisha ukiuza. Mwaka huu usipouza, mwakani."

Sikumbuki kama niliwahi kumsimulia habari ya bibi. Labda niliwahi.

Alinunua sufuria mbili na jiko moja, vilivyotumika. Alianza na chai na maandazi asubuhi, wali na maharage mchana. Malori yalirudi polepole mwaka 2021. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipanda bei sana akafunga tena miezi miwili, na safari hii hakuja Yakobi. Alikaanga mihogo kwa mafuta ya kupima na kuuza shuleni. Alipofungua tena aliniletea daftari lake la hesabu, lile la kurasa 80, ili nimwangalizie. Hesabu zake ni safi kuliko zangu. Kila siku ameandika mtaji upande wa kushoto na mauzo upande wa kulia, na chini ameandika kiasi ambacho hatakigusa hata mtoto akilia.

Kati ya zile 150,000 amekwisharudisha 110,000, mara elfu tano, mara elfu kumi, humpa mama mkubwa wake mkononi na si mimi. Binti yake mkubwa amemaliza kidato cha nne na anataka kujifunza ushonaji. Mwezi uliopita wote wawili walikuja kuniuliza bei ya cherehani ya miguu siku hizi. Nimeulizia Njombe. Nyingi ni za umeme sasa, lakini fundi mmoja karibu na stendi ana ya zamani, ya chuma, inayofanya kazi. Anataka kuiona fedha kwanza.